Mmarekani Havutwi

Pozo Hondo, Chubut
3 Mei 1993

Shemeji yangu Ovidio,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Mimi ni mzima, kondoo ni wazima, mbwa mmoja anachechemea lakini chakula hakimpiti. Natumaini wewe na Nélida na wajukuu hamjambo, na mgongo wako umepata nafuu. Kama haujapata, mlaumu Mjapani wako, hiyo pikapu yako nyeupe. Mtu mzima hawezi kukaa kwenye kiti kama kile akasimama wima tena.

Barua yako imeletwa na lori la ngozi Jumanne. Nimeisoma, nikaenda kulisha kuku, nikarudi nikaisoma tena. Unasema yule bwana wa Comodoro anataka kununua shamba lote na anangoja jibu. Unasema mwanamke wa miaka hamsini na sita hawezi kukaa peke yake majira ya baridi, kilomita mia na kumi kutoka mjini, na pikapu ya Kimarekani ya mwaka sitini na saba. Unasema chumba cha nyuma kwenu kina jiko na dirisha.

Najua hati ya shamba ina jina lako, kwa kuwa baba mkwe aliandika jina la mkubwa na mume wangu Aurelio hakutaka maneno. Ungeweza kuuza bila kuniuliza. Umeuliza, na nakushukuru. Sasa nami nakujibu: sitaki. Nimekaa hapa miaka thelathini na moja, mume wangu yuko pale juu kando ya ua wa mawe, na kondoo mia tatu na arobaini wananijua sauti.

Kama neno langu halikutoshi, tuweke dau. Kuanzia leo mpaka tarehe mosi Septemba, Mmarekani akivutwa hata mara moja, na mtu yeyote, kwenye theluji au kwenye tope, nitauza kondoo na kuja kwenye chumba chako chenye dirisha. Asipovutwa, utamwambia bwana wa Comodoro akatafute shamba kwingine, na hutanitajia tena habari za kuuza. Miaka ishirini wewe na Aurelio mmebishana gari la nani ni gari. Yeye hayupo, kwa hiyo utabishana na mimi.

Shemeji yako,
Herminda


Esquel
14 Mei 1993

Shemeji Herminda,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Mgongo unauma, lakini ulianza kuuma mwaka ule nilipomsaidia marehemu ndugu yangu kusukuma huyo Mmarekani wenu kutoka mtoni, basi lawama uipeleke panapostahili.

Dau nimelikubali. Nélida ameninunia tangu jana, anasema mwanamume mwenye akili hawekeani dau na mjane. Nimemwambia yeye hakujui. Nikikataa utadhani naogopa, na nikikubali angalau utakuja mjini kwa amani, kwa sababu utashindwa. Haki ya Mungu sisemi kwa ubaya. Mmarekani wako anavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, anakunywa petroli mfululizo, na asubuhi ya baridi lazima umbembeleze ndipo aamke. Mjapani wangu nageuza ufunguo mara moja, magurudumu yote manne yanashika, na kahawa kwenye kikombe haimwagiki.

Masharti haya hapa tusije tukagombana. Kuvutwa ni kamba au mnyororo kufungwa kwenye gari jingine na gari lako likatoka. Kujichimbua kwa beleshi hakuhesabiki. Farasi anahesabika. Na desturi iko pale pale: atakayevutwa anachinja mwanakondoo, anambanika mwenyewe, na anakaa kimya akisikiliza maneno ya aliyemvuta mpaka nyama iishe.

Nikwambie na lile ambalo sikuliandika mwanzo. Naogopa, shemeji. Novemba ile Aurelio alipoanguka kwenye zizi ulitembea kilomita kumi na mbili kwa mguu hadi kwa jirani yako Belisario, Belisario akapanda farasi kutafuta msaada, na tulipofika sote tulikuwa tumeshachelewa. Ukianguka wewe, nani atatembea?

Shemeji yako,
Ovidio


Pozo Hondo
9 Juni 1993

Shemeji Ovidio,

U hali gani, na Nélida ameshaacha kununa? Mpe pole kwa kuolewa na wewe. Mimi sijambo kabisa. Theluji ya kwanza imeanguka tarehe ishirini na nane, haikufika magotini, ikayeyuka baada ya siku tatu.

Umeuliza nani atatembea. Hakuna atakayetembea, kwa kuwa sasa naendesha. Kweli Novemba nilikuwa sijui hata gia ya nyuma iko wapi, na kila nikikumbuka ile njia ya kwa Belisario, gari likiwa limesimama uani na ufunguo ndani, nataka kujipiga makofi. Ndiyo maana wiki moja baada ya mazishi nilipanda Mmarekani nikaanza kuzunguka zizini. Belisario alikuja juu ya farasi wake kutazama. Mzee yule miaka sabini na nne hajacheka, siku hiyo alicheka mpaka akashuka. Niliangusha lango, nikavunja birika la maji, nikamuua kuku mmoja ambaye tulimla. Klachi yake inataka mguu wa mtu mwenye hasira, na mimi hasira ninayo ya kutosha.

Sasa nakwenda mpaka barabara kuu na kurudi kila Alhamisi. Nimepakia mawe kilo mia mbili nyuma ili magurudumu yashike. Nina minyororo ya matairi, mabeleshi mawili, ngozi sita za kondoo za kutandika chini, na kibuyu changu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani. Petroli nanunua kwa pipa. Anakunywa, ndiyo, lakini angalau nikikaa ndani magoti yangu hayagusi masikio.

Na huku hatuishi hovyo kama unavyodhani. Kila asubuhi natazama moshi wa Belisario kule ng'ambo ya bonde, naye anatazama wangu. Ukionekana moshi, mtu yupo.

Shemeji yako,
Herminda


Pozo Hondo
27 Juni 1993

Shemeji wangu mpendwa sana sana Ovidio,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana heshima yako nimeshasikia hali yake.

Jana adhuhuri nilikuwa nakanda unga, redio iko dirishani, wanasoma salamu za watu wa mashambani kama kila siku. Mama fulani anamwambia mwanawe dawa zimefika. Fulani anatafuta jike la farasi. Halafu mtangazaji, kwa sauti yake ile ya kanisani, akasoma hivi: "Kwa Bwana Ovidio Cayupán wa Esquel, mwenye pikapu ya Kijapani nyeupe. Kutoka kambi ya watengeneza barabara. Kamba yako imebaki kwenye lori letu siku tulipokuvuta. Njoo uichukue, na usisahau mwanakondoo."

Nilikaa chini, mikono imejaa unga, nikacheka mpaka mbwa akaanza kubweka. Mkoa mzima umesikia, shemeji. Belisario amekuja mbio juu ya farasi kuniuliza kama nimesikia, na yule hatoki kwake bila sababu. Ameuliza pia hilo lori la kambi ni la kutoka nchi gani. Nikamwambia nadhani anajua.

Wiki sita hukuniandikia hata mstari mmoja. Sasa nimeelewa ulikuwa na shughuli gani.

Shemeji yako ambaye hajavutwa,
Herminda


Esquel
8 Julai 1993

Shemeji,

Salamu. Sisi ni wazima, isipokuwa mimi ambaye siwezi kuingia kwa kinyozi. Nikipita, watu wananiuliza kama kamba imepatikana.

Ilikuwa tope, si theluji. Nilikuwa nimempisha mama mwenye watoto, nikatoka pembeni kidogo, na pembeni hapakuwa na chini. Gari halina kosa, kosa ni la dereva, na hili nalisema mara moja tu, sitalirudia mbele ya mtu. Wale mabwana wa kambi walikuwa karibu, wakanivuta kwa dakika mbili. Nimewapelekea mwanakondoo Jumapili. Nilimbanika kuanzia asubuhi, na maneno niliyoyasikia pale hadi jioni hayafai kuandikwa kwa mwanamke.

Cheka, ni haki yako. Lakini dau halikuwa juu yangu. Bwana wa Comodoro amenipigia simu mara mbili. Anasema tarehe mosi Septemba anataka ndiyo au hapana, baada ya hapo atanunua upande wa kusini. Na wenye kujua hali ya hewa wanasema Agosti hii itakuwa mbaya. Nakuomba, ukiona mambo yamekushinda, tuma neno redioni, nitakuja. Sitakudai kitu zaidi ya lile tulilokubaliana.

Ovidio, shemeji yako


Pozo Hondo
2 Agosti 1993

Shemeji Ovidio,

Mnaendeleaje huko? Mimi nashukuru, nipo. Mikono imepasuka na nimepungua kidogo, lakini nipo.

Nakuambia ukweli wote kwa sababu dau bila ukweli ni wizi. Tarehe ishirini na sita nilinasa. Nilikuwa nawapelekea kondoo wa bonde la chini majani makavu, ubavu wa kushoto ukaingia kwenye shimo lililofunikwa na theluji, mpaka kwenye ekseli. Nilichimba siku ile mpaka mwanga ukaisha, nikarudi nyumbani kwa mguu, kesho yake nikachimba tena. Belisario alikuja na farasi na kamba. Akasema, "Farasi huyu hasemi redioni, Herminda." Nikamwambia arudishe kamba yake nyumbani kabla sijamkasirikia. Akashuka, akachukua beleshi la pili, tukachimba wote wawili. Saa nane mchana nilitandika ngozi, nikatia gia, Mmarekani akapanda mwenyewe. Belisario alivua kofia. Sijui alimvulia nani kati yetu.

Tangu hapo theluji haijakoma. Nimepoteza kondoo kumi na wanne. Ninamkumbuka Aurelio sana siku hizi, shemeji, na nikikumbuka ninaongea naye kwa sauti, naye hajibu, na hilo linaniudhi kuliko kunihuzunisha. Lakini usifikiri hii ni barua ya kuomba kuokolewa. Zimebaki siku thelathini, nazo nitazimaliza.

Shemeji yako,
Herminda


Ujumbe uliosomwa redioni, adhuhuri, 20 Agosti 1993

Kwa Herminda wa Pozo Hondo, kutoka kwa shemeji yake Ovidio. Siku kumi na nane hatujapata barua yako. Lori la ngozi halipiti. Kambi ya barabara wakupe habari kama wanaweza. Kesho natoka na Mjapani kuja kukuona. Usiseme hapana, maana nitakuwa nimeshaondoka.


Pozo Hondo
30 Agosti 1993

Shemeji yangu Ovidio,

Kwanza habari ya Belisario, maana wewe uko karibu na hospitali kuliko mimi. Wauguzi wametuma neno redioni kwamba upasuaji ulikwenda vizuri na kwamba anawatukana, basi nimejua atapona. Mimi nilirudi salama, kama ulivyosikia. Mpe Nélida shukrani kwa soksi na kwa kutoniuliza chochote.

Siku ile hatukupata nafasi ya kuzungumza, kwa hiyo nakuandikia.

Tarehe ishirini asubuhi sikuona moshi wake. Nikasema ni upepo. Ujumbe wako wa adhuhuri sikuusikia, nilikuwa nje nafukua kondoo. Tarehe ishirini na moja tena hakuna moshi, na upepo ulikuwa umelala. Sikunywa hata mate. Kilomita kumi na mbili zilinichukua saa tatu. Nilimkuta sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, jiko la baridi, mbwa wake amemlalia kifuani. Kama si yule mbwa ningezika mtu. Aliniambia, "Umechelewa," nikajua bado yuko sawasawa. Niling'oa mlango wa stoo, nikamlaza juu yake, nikauburuta hadi kwenye gari, nikamsukuma kwenye siti ya mbele kwa urefu wake wote, kichwa kwenye paja langu. Alipiga kelele mara moja tu, wakati wa kumpandisha, na ile kelele sitaki kuisikia tena maishani.

Tuliendesha hivyo mpaka kwenye korongo. Pale nikanasa. Nilichimba. Kila nikitoa theluji nyingine inaingia. Yeye ndani alikuwa ameacha kutukana, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikuwa nimechimba kama saa mbili nikaona Mjapani wako anatelemka kutoka upande wa pili.

Ulishuka, ukatazama ndani, ukatazama magurudumu. Halafu ukasema, "Shemeji, tumhamishie kwangu. Mmarekani abaki hapa tutamfuata baadaye. Hajavutwa, na dau lako lipo."

Nataka ujue kwamba nilikusikia. Ulikuwa unanipa njia ya kushinda, wewe uliyekuwa unataka nishindwe, na nilikupenda kwa hilo kama ndugu wa tumbo moja. Nilifikiri pia. Sitakudanganya kwamba sikufikiri. Zilibaki siku kumi na moja tu. Lakini kwenye Mjapani wako angekaa wima, goti limeminywa kwenye gia, nyonga imekunjwa, kilomita themanini za mashimo. Na ilikuwa lazima tumwinue mara ya pili. Nilimtazama Belisario, midomo imekuwa ya kijivu. Ndiyo maana nilichukua kamba mkononi mwako nikaifunga mimi mwenyewe. Sikutaka baadaye uone haya kwamba uliifunga wewe.

Mjapani alimtoa Mmarekani kwa mara moja. Nimelisema, na sitalirudia mbele ya mtu. Halafu ulitangulia kufungua njia, nami nikakufuata na mzee wangu amelala.

Basi dau ni dau. Nimevutwa tarehe ishirini na moja Agosti. Nimeanza kufunga sahani kwenye magazeti. Naomba kondoo niwauze baada ya kuzaa, mwishoni mwa Oktoba, maana sasa wakihamishwa watatupa mimba. Naomba pia bwana wa Comodoro asiguse ua wa mawe ulipo kaburi la Aurelio. Hayo mawili tu. Njoo na karatasi siku yoyote, nitatia saini bila kulia.

Shemeji yako,
Herminda


Esquel
6 Septemba 1993

Shemeji Herminda,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi tu wazima. Belisario anakula kuliko mimi na ameshahamishwa chumba mara mbili kwa sababu ya mdomo wake.

Ninakwenda kumtazama kila siku baada ya chakula. Juzi nilimuuliza zile siku mbili sakafuni alikuwa anafikiria nini. Nilidhani ataniambia alikuwa anasali. Akasema, "Nilikuwa nahesabu. Leo Herminda ataona hakuna moshi, atasema ni upepo. Kesho atakuja." Hivyo tu. Hakuwa na shaka hata kidogo. Niliinuka nikatoka nje nikakaa kwenye Mjapani, nikalia kama sijawahi kulia tangu tulipomzika mdogo wangu.

Mimi mwaka mzima nimekuwa nikisema hakuna mtu wa kukukuta ukianguka. Sikujiuliza hata siku moja wewe unamkuta nani. Ungekuwa Agosti hii umekaa kwenye chumba changu chenye dirisha, leo tungekuwa tunamwomboleza yule mzee. Nilitaka kuuza kwa sababu naogopa kukuzika, nikauita woga wangu akili.

Tarehe mosi nilimpigia bwana wa Comodoro nikamwambia hapana. Akaniuliza sababu, nikamwambia nimeshindwa dau. Akasema alisikia mjini kwamba wewe ndiye uliyevutwa. Nikamwambia watu wa mjini hawajui kuhesabu.

Halafu nilikwenda kwa mthibitishaji wa hati. Karatasi iliyomo ndani ya bahasha hii ni hati ya Pozo Hondo, na jina langu limetolewa. Limebaki lako peke yako. Ilipaswa kuwa hivyo tangu zamani. Fungua sahani zako.

Shemeji yako,
Ovidio


Pozo Hondo
17 Septemba 1993

Shemeji yangu,

Pokeeni salamu zangu, wewe na Nélida na kile kikongwe chenye matusi. Huku theluji imebaki kwenye vivuli tu, na wanakondoo wa kwanza wameshazaliwa, ishirini na mmoja, wawili mapacha. Mwambie Belisario mbwa wake yuko kwangu na hataki kurudi.

Bahasha yako nimeiweka mezani siku tatu. Siku ya kwanza nilikasirika. Nilidhani umenihurumia, na mimi sikukaa majira yote ya baridi na beleshi mkononi ili nihurumiwe. Siku ya pili nilisoma tena pale uliposema ulikaa kwenye gari ukalia. Mtu anayehurumia halii hivyo. Basi hasira ikaondoka, nikafungua sahani.

Lakini hati siipokei namna ile. Nairudisha kwa mkono wa dereva wa lori la ngozi, nimemwapisha. Nenda tena kwa yule mthibitishaji ukamwambie aandike majina mawili, langu na lako, yawe sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Wewe umezaliwa ndani ya nyumba hii, chumba kile cha upande wa jiko. Mimi nilipigania nibaki. Sikupigania wewe utoke.

Kondoo watanyolewa wiki ya pili ya Novemba na nina upungufu wa mikono. Njooni wote, na mlete unga, sukari na majani ya mate, maana yamekwisha.

Shemeji yako,
Herminda